Bei Si Thamani: Maisha ya Askofu Edward Steere na Soko la Watu



Jumapili iliyopita tulikaa kwenye Mwanzo 1:26-27, pale Mungu anapomuumba mtu kwa mfano wake. Kanisa zima liliitikia Amina. Wiki hii nataka tumwangalie mtu mmoja aliyeichukua Amina hiyo akaenda nayo sokoni. Si soko la Kariobangi wala Gikomba. Nazungumzia soko ambalo bidhaa yake ilikuwa watu.

Huyu mtu aliitwa Edward Steere. Hakuwa Mpentekoste. Alikuwa Mwanglikana wa kanzu na maombi ya kusoma kitabuni, na amekufa zaidi ya miaka 140 iliyopita. Usikwame hapo. Biblia unayoshika mkononi ukija ibada ina jasho lake ndani, na utaona ni kwa nini.

1. Soko lilijua bei

Mimi nilisomea biashara. Moja ya mambo ya kwanza unayofundishwa ni kwamba bei ni makubaliano. Muuzaji na mnunuzi wakikubaliana, hiyo ndiyo bei, basi. Soko halikuulizi kama ni haki. Soko linauliza kama kuna mnunuzi.

Sasa rudi nyuma hadi Zanzibar ya miaka ya 1860. Pale Mkunazini, ndani ya mji, kulikuwa na uwanja wa kuuzia watu. Walitoka mbali, kando ya Ziwa Nyasa na nchi za Wayao, wakatembezwa kwa minyororo mpaka Kilwa, kisha wakajazwa kwenye majahazi. Wengi walifia njiani. Zaidi ya watu 15,000 kila mwaka waliletwa Zanzibar. Wakifika, walilipiwa ushuru forodhani, kichwa kwa kichwa, kama vile pembe za ndovu zilivyolipiwa. Wakapangwa mistari sokoni. Mnunuzi alifungua mdomo wa mtu akaangalia meno. Akamwambia atembee, aone kama anachechemea. Halafu bei ikazungumzwa.

Na tusidanganyane kwamba ni kabila moja au dini moja iliyofanya hivyo. Kulikuwa na machifu wa bara waliouza mateka wao. Kulikuwa na Waarabu na Waswahili wenye misafara. Kulikuwa na matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji. Kulikuwa na Wafaransa wenye mashamba ya miwa visiwani, na kulikuwa na Wakristo wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe ili watengeneze vinanda. Waingereza wenyewe walikuwa wameuza watu kuvuka Atlantiki kwa miaka mingi kabla hawajaamka. Mikono ni mingi, wapendwa. Hivyo ndivyo soko lilivyo. Dhambi inagawanywa vipande vidogo vidogo mpaka kila mmoja anaona chake ni kidogo.

Nenda usome Ufunuo 18:12-13. Yohana anaorodhesha bidhaa za soko la Babeli. Anaanza na dhahabu na fedha, anapita kwenye kitani, pembe, divai na ngano, na mwisho kabisa wa orodha anaweka miili na roho za watu. Bwana aliiona orodha hiyo mapema.

2. Wakili aliyekunja mikono ya shati

Steere alizaliwa London mwaka 1828, mtoto wa wakili. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha London mpaka akapata udaktari wa sheria, naye akawa wakili. Kwa lugha yetu ya mtaani, kijana alikuwa amejipanga. Lakini moyo wake haukutulia mahakamani. Mwaka 1856 akaingia huduma, na baada ya muda akawa mchungaji Skegness, kijiji cha wavuvi pwani ya Uingereza. Wavuvi wale walimpenda kwa sababu hakuogopa kukunja mikono ya shati na kufanya kazi pamoja nao.

Wakati huo, David Livingstone alikuwa ameenda vyuo vikuu vya Uingereza mwaka 1857 kuwaambia vijana kuhusu Afrika na biashara ya watumwa. Kutokana na hotuba hizo ikaanzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati. Askofu wao wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa mwaka 1862, kabla hajamaliza mwaka mmoja na nusu katika kazi. Akachaguliwa rafiki wa Steere, William Tozer, kuwa askofu wa pili. Steere akakubali kumsindikiza. Wazo lilikuwa amsaidie kwa muda tu. Mungu ana mazoea ya kuchukua "muda tu" wa mtu akaugeuza kuwa maisha yake yote!

Walijaribu kwanza kule bara, maji yakazidi unga. Mwaka 1864 wakahamia Zanzibar. Na hapo Zanzibar kazi yao ilianza kwa njia ya ajabu. Sultani Majid alimpa Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa. Watano tu! Ukiniuliza kama mtu wa mahesabu, miaka miwili ya safari na maisha ya askofu mmoja, halafu unapata watoto watano, ningekuambia hiyo biashara ni hasara, funga duka.

Mmoja wa wale watano aliitwa John Swedi. Mshike jina, tutarudi kwake.

3. Alianza na lugha

Jambo la kwanza alilofanya Steere ni kukaa chini na kujifunza. Hakuanza kwa kuhubiri kwa Kiingereza akitafuta mtu wa kutafsiri. Aliketi na wazee wa mjini, akasikiliza hadithi zao, akaziandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Waswahili. Krapf alikuwa amemtangulia kule Rabai, lakini Steere ndiye aliyekishika Kiswahili cha Unguja akakipanga kwa utaratibu. Wale wavulana waliotolewa kwenye majahazi wakafundishwa kazi ya uchapaji. Mtoto ambaye jana alihesabiwa kama mzigo forodhani, leo anapanga herufi za risasi, moja moja, mpaka neno la Injili linasomeka.

Kwa nini nalikazia hili? Kwa sababu ukitaka kujua kama unamthamini mtu, angalia kama unajali anachosema. Bidhaa haisikilizwi. Hakuna anayeliuliza gunia la mkaa limelalaje. Kwa kujifunza lugha ya mtu, Steere alikuwa anakiri kwamba ndani ya huyu mtu kuna mawazo, kuna hekima, kuna kicheko, kuna mtu.

Alitafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilichapishwa mwaka 1891, miaka tisa baada ya yeye kufa. Nyingine zilizofuata zilipita kwenye njia aliyoifyeka.

4. Alijenga pale pale

Mwishoni mwa 1872 serikali ya Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumshawishi Sultani Barghash akomeshe biashara ile. Sultani akakataa, maana mapato yalikuwa makubwa. Mwishowe, chini ya tisho la manowari kufunga bandari, alitia sahihi mkataba tarehe 5 Juni 1873, na soko likafungwa. (Huyo Frere ndiye aliyepewa jina la Freretown kule Mombasa, mahali watumwa waliookolewa walipewa makao kuanzia 1875. Ukishuka stage ya Kengeleni, ile kengele ni ya historia hiyo.)

Sasa uwanja umebaki mtupu. Ungekuwa wewe ungefanya nini? Wengi wangesema pahali hapo pana laana, tupaepuke. Steere aliona tofauti. Kasisi mmoja wa misheni, Arthur West, alinunua sehemu ya uwanja, na mfanyabiashara Mhindi, ambaye hata hakuwa Mkristo, akatoa sehemu nyingine. Steere akaanza kuhubiri hapo kwenye kibanda cha udongo na makuti, kwa Kiswahili, watu wakimsikiliza na kubishana naye. Krismasi ya 1873 likawekwa jiwe la msingi la kanisa.

Alilisimamia jengo hilo mwenyewe. Paa alilipanga liwe la zege la matumbawe na saruji, limepinda kama pipa lililokatwa katikati, bila nguzo katikati ya ukumbi. Watu wa mjini walisema litaanguka. Halijaanguka mpaka leo. Na madhabahu yaliwekwa pale ambapo, kwa masimulizi ya kanisa lile, ulikuwa mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa. Sakafuni pameachwa duara la marumaru kuonyesha mahali hapo. Ukienda Unguja, nenda ukasimame hapo. Nje, tangu 1998, kuna sanamu za watu watano ndani ya shimo, shingoni wamevaa minyororo.

Tazama maana yake, mpendwa. Kutoka 21:32 inasema mtumwa akiuawa na ng'ombe, mwenye mtumwa alipwe shekeli thelathini za fedha. Hiyo ilikuwa fidia ya mtumwa. Halafu fungua Mathayo 26:15. Yuda alipewa ngapi? Vipande thelathini! Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, alipewa bei ya mtumwa. Bwana wetu alipita sokoni. Alihesabiwa, akauzwa, akafungwa, akachapwa. Kwa hiyo meza ya Bwana kuwekwa palipokuwa na mti wa kuchapia, mimi naona ni mahali pake kabisa. Ni kama Yesu anawaambia wote waliopita pale kwamba hata yeye anaijua hiyo bei, na kwamba ile aliyolipa yeye ni nyingine. Soma 1 Petro 1:18-19 uone alilipa kwa kitu gani. Hakulipa kwa fedha wala dhahabu.

5. Aliwarudisha nyumbani

Kufunga soko ni jambo moja. Lakini mtu aliyefunguliwa mnyororo, kesho anakula nini, analala wapi? Manowari za Waingereza zilikamata majahazi na kuwashusha watu mamia, wengi wao watoto. Misheni iliwapokea, wavulana Kiungani, wengine kwenye shamba la Mbweni, ambako walipewa nyumba, kazi na shule.

Mwaka 1874 Steere aliwekwa wakfu London kuwa askofu. Mwaka uliofuata alitembea kwa miguu kutoka pwani hadi kwa Mataka, mtawala mkubwa wa Wayao, akifuata zile zile njia za misafara ya watumwa. Na mwaka 1876 akafanya jambo ninalolipenda kuliko yote. Aliwachukua watu wa Mbweni waliotaka kurudi makwao, wanaume kwa wanawake, kama hamsini hivi, akasafiri nao kurudi bara. Walipofika Masasi, wakaona milima ile, maji na ardhi nzuri, wakajiona wamekaribia nyumbani. Wakaomba wabaki hapo. Askofu hakung'ang'ania mpango wake wa kufika Nyasa. Aliwasikiliza, akabaki nao wakajenga, kisha akawaachia mhudumu.

Watu waliotolewa kwao kwa mnyororo wanarudi kwa miguu yao, na wao ndio wanaochagua pa kusimama. Huo ndio ukombozi.

Haikuwa hadithi ya mteremko. Mwaka 1882 Masasi ilivamiwa na wapiganaji wa Kingoni walioitwa Magwangwara, na baadhi ya watu wakachukuliwa mateka tena. Utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria Zanzibar mpaka 1897, na pwani yetu ya Kenya mpaka 1907. Steere hakuyaona hayo. Alikufa Agosti 1882, hapo hapo Zanzibar, akiwa na miaka 54. Alizikwa ndani ya kanisa lile, nyuma ya madhabahu.

Na John Swedi je? Yule mtoto wa jahazi alikua, akasoma, na Steere mwenyewe akamwekea mikono kuwa shemasi, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile. Baadaye, mwaka 1890, Cecil Majaliwa, Myao ambaye naye alikuwa ameokolewa utumwani, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika hapo. Watu ambao soko lilikuwa limeshawapangia bei walisimama wakabariki watu.

6. Na soko la kwetu?

Utaniambia, Pastor, hayo ni ya zamani. Hapa Lucky Summer hakuna mtu anauzwa.

Kweli? Hebu tuzungumze ukweli.

Soko, nilisema, ni watu wamekubaliana bei. Sasa fikiria kelele ya "mwizi!" ikipigwa barabarani. Ndani ya dakika tano watu mia wamekusanyika. Mmoja ana jiwe, mwingine ametoa tairi, boda boda mmoja anafungua tangi atoe petroli. Kijana amelala chini. Ameshikwa na simu ya elfu nane. Umati umekubaliana, bila kikao, kwamba maisha yake ni elfu nane. Na kama pale Mkunazini, kila mmoja ana kipande kidogo tu. Mimi nilirusha jiwe moja. Mimi nilikuwa narekodi. Mimi nilikuwa nimesimama tu.

Sijasema wizi ni kitu kidogo. Najua mtu anayeamka saa kumi kwenda kibarua Baba Dogo anavyoumia simu yake ikiibwa. Mwizi ashikwe, apelekwe polisi, ajibu mashtaka. Lakini Mwanzo 9:6 inatoa sababu kwa nini damu ya mtu isimwagwe, na sababu yenyewe si tabia yake nzuri. Ni kwamba ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Mfano huo haufutiki kwa sababu ameiba simu. Na kumbuka ni nani aliyesulubiwa kando ya Yesu, na ni nani aliyeahidiwa paradiso siku ile ile.

Halafu kuna bei nyingine za kimya kimya. Watoto wanaookota chuma na plastiki kule jalala la Dandora, ng'ambo tu ya mto, tunawaita chokoraa, na ukishampa mtoto jina hilo huhitaji tena kuuliza jina lake. Msichana wa kazi anayelala jikoni na hajalipwa miezi mitatu, na mwajiri wake anaongoza maombi ya alfajiri. Binti aliyetafutiwa kazi Ghuba na wakala, paspoti ikachukuliwa, na akilalamika anaambiwa pesa imeshalipwa. Sikiliza hilo neno, imeshalipwa. Mimba ya msichana wa kidato cha tatu inayozungumzwa nyumbani kama gharama tu, bila mtu hata mmoja kumshika yule msichana mkono. Mzee wetu mgonjwa ambaye watoto wanapiga hesabu ya dawa mbele yake kama hasikii.

Hesabu lazima tupige, nakubali, pesa haitoshi. Lakini kuna tofauti kati ya kuhesabu pesa na kumhesabu mtu.

Tufanye nini wiki hii?

Steere hakuwa na pesa ya kununua kila mtumwa. Alifanya vitu vinne ambavyo hata sisi tunaviweza. Alimsikiliza mtu kwa lugha yake. Alisimama mahali pale pale pa aibu badala ya kupaepuka. Alimpa mtu kazi na jina. Alimsindikiza nyumbani.

Kwa hiyo ukisikia kelele ya "mwizi!", usikimbilie na simu ya kurekodi. Piga simu polisi, mwite mzee wa mtaa, na kama mko wawili watatu wa kanisa, simameni katikati. Najua ninachoomba. Ni kitu cha hatari, na usifanye peke yako. Lakini umati mara nyingi unangoja mtu mmoja tu wa kusema hapana.

Kama una mfanyakazi nyumbani, mlipe unachodaiwa kabla ya kuleta fungu la kumi. Kama una ndugu Ghuba, mpigie wiki hii, usimuulize ametuma ngapi, muulize analala vipi. Na mkipita karibu na wale watoto wa jalala, muulize mmoja jina lake, na ulikumbuke.

Maswali ya ushirika wa nyumbani (Jumatano)
1. Soma Mathayo 10:29-31. Shomoro walikuwa na bei sokoni, tena ndogo sana. Yesu anatumiaje bei hiyo kutufundisha thamani yetu?
2. Soma Filemoni yote, ni sura moja. Paulo anamwomba Filemoni ampokee Onesimo kama nani?
3. Hapa mtaani kwetu, ni nani ambaye sote tumekubaliana bei yake bila kusema?

Tuombe
Baba, ulituumba kwa mfano wako, na Mwanao alikubali kuuzwa kwa bei ya mtumwa ili sisi tusiuzwe tena. Tusamehe kwa kila mtu tuliyemhesabu kama mzigo. Wakumbuke mabinti zetu walio mbali na vijana wetu walio mitaani. Tupe ujasiri wa kusimama katikati ya umati. Walinde wanaolala na hofu usiku huu hapa Lucky Summer. Katika jina la Yesu, Amina.

*Mchungaji Msaidizi*